Kona ya Fundi: Prosesa Hii Imeshushwa Bei kwa Nini?

Barua nyingi zilizofika safari hii zinazunguka jambo moja: namna ya kupata prosesa, yaani kichakataji cha kompyuta, kwa bei nafuu, kisha kuipandisha kasi kupita kiwango kilichowekwa na kiwanda, kazi ambayo mafundi wengi huiita kuovakloki. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Baadhi yake nimezijibu kwa kirefu, kwa sababu humo ndimo watu wengi hupotezea fedha.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana ninayejifunza kuunda kompyuta. Wakubwa wangu katika kazi hii husimulia kwamba zamani mtu aliweza kununua prosesa ya daraja la chini akaifanya iende sawa na ile ya bei ya juu kabisa. Naomba kujua kama hayo ni kweli na, kama ni kweli, kwa nini kampuni ikubali kuuza mali nzuri kwa bei ndogo?

JIBU: Marahaba. Waliyokusimulia ni kweli, na hilo swali lako la pili ndilo ambalo kila mnunuzi angepaswa kujiuliza kabla ya kutoa hela.

Prosesa nyingi hutengenezwa kwa pamoja juu ya sahani moja ya silikoni, kisha sahani hukatwa na kila kipande hupimwa. Vipande vinavyohimili kasi kubwa kwa volti ndogo huandikwa namba za juu, vinavyosuasua huandikwa namba za chini, na vile ambavyo sehemu yake ni mbovu huzimwa sehemu hiyo na kuuzwa kama toleo dogo. Mpaka hapo upangaji unafuata ubora. Lakini kiwanda kikishazoea kutengeneza aina fulani, vipande vizuri huzidi kuwa vingi, ilhali wanunuzi walio wengi bado wanataka bei ya chini. Kampuni haina budi kuchukua vipande vizuri na kuviandika namba ndogo ili kutimiza mahitaji. Kwa hiyo ndani ya kisanduku kimoja cha bei nafuu unaweza kukuta mnyonge halisi au shujaa aliyevishwa nguo za mnyonge, na tofauti yao haionekani kwa macho.

Mfano maarufu kuliko yote ni Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998. Kasi yake ilikuwa megahezi 300, nayo ilipatikana kwa kuchukua mapigo ya basi, yaani njia kuu ya data, ambayo yalikuwa megahezi 66, na kuyazidisha kwa 4.5. Kizidishi, yaani hiyo namba 4.5, kilikuwa kimefungwa, lakini mapigo ya basi hayakufungwa. Mtu alipoyapandisha hadi 100, hesabu ileile ilizaa megahezi 450, ambayo ndiyo kasi ya Pentium II iliyokuwa kileleni mwezi uleule. Tena haikuwa kasi ya kwenye karatasi tu. Pentium II ilikuwa na kashe, yaani hifadhi ndogo ya haraka ya data, ya kilobaiti 512, lakini kashe hiyo ilikaa katika chipu za pembeni na kwenda nusu ya kasi ya prosesa. Celeron ilikuwa na kilobaiti 128 pekee, ila zilikuwa ndani ya kipande chenyewe cha silikoni na zilikwenda kasi nzima. Chipu zile za pembeni zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoikwaza Pentium II isipande zaidi, na Celeron haikuwa na mzigo huo. Waliokuwa na ubao mama, yaani ubao mkuu unaobeba prosesa, usiokubali kuchagua megahezi 100 walifikia hatua ya kuziba mguso mmoja wa prosesa, ule uitwao B21, kwa kipande chembamba cha utepe, ili ubao udhani umewekewa prosesa ya basi la 100.

Hadithi kama hiyo ilijirudia. Athlon XP 2500+ ya AMD, mshindani wa Intel, ya mwaka 2003, ya kizazi kilichoitwa Barton, ilikwenda megahezi 1833 kwa kuzidisha 166 kwa 11; ukiweka 200 badala ya 166 ulipata 2200, kasi ya 3200+ iliyokuwa mkubwa wa familia hiyo. Mwaka 2007 ikaja Pentium E2140, yenye viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya hesabu kila moja peke yake, na gigahezi 1.6, na watu wengi waliifikisha karibu na gigahezi 3 kwa kupandisha basi tu.

Ningependa hata hivyo uutazame kwa makini mfano wa mwaka 2009, kwa kuwa unaonyesha upande wa pili. Phenom II X2 550 ya AMD iliuzwa ikiwa na viini viwili, lakini kipande chake cha silikoni kilikuwa na vinne, viwili vikiwa vimezimwa. Baadhi ya mbao mama zilikuwa na chaguo katika BIOS, yaani programu ya ubao inayoiamsha kompyuta, lililoviamsha vile vilivyolala. Kwa wengine viliamka na kufanya kazi miaka mingi. Kwa wengine kompyuta iliganda dakika chache baadaye, kwa sababu viini vile vilikuwa vibovu kweli na vilizimwa kwa haki. Prosesa zote hizo ziliandikwa jina moja na kuuzwa bei moja. Mwenye busara alinunua kwa kuhesabu viini viwili, na vingine viwili, kama viliamka, aliviona kuwa ni nyongeza.

Mlango huu ulianza kufungwa Januari 2011, Intel ilipotoa kizazi cha Sandy Bridge. Mapigo ya msingi, ambayo sasa ni megahezi 100, yalifungamanishwa na njia nyingine za ubao zikiwamo za diski na USB, hivyo kuyapandisha kwa zaidi ya asilimia chache kulivuruga kila kitu. Wakati huohuo kizidishi kikawa wazi kwa zile tu zenye herufi K, ambazo si za bei nafuu. Tangu hapo anayetafuta shujaa aliyejificha hana budi kwanza kuuliza kama mlango wenyewe bado upo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma maelezo mengi yanayopingana. Naomba niambiwe wazi: prosesa zipi za bei nafuu za miaka hii zinakubali kupandishwa, na je, kuna faida?

JIBU: Upande wa AMD jibu ni fupi. Prosesa karibu zote za Ryzen za kompyuta za mezani, tangu zilipoanza kutoka mwaka 2017, zina kizidishi kilicho wazi, hata za daraja la Ryzen 3. Hata Athlon 3000G ya mwaka 2019, yenye viini viwili tu, ilitoka ikiwa wazi. Kinachoamua ni ubao mama. Kwa soketi (tundu la kuwekea prosesa) ya AM4, mbao zenye chipseti, yaani chipu zinazosimamia kazi za ubao, za B350, B450, B550 na zile za herufi X zinaruhusu, lakini A320 na A520 haziruhusu. Kwa soketi ya AM5, B650 inaruhusu na A620 hairuhusu. Nimeona watu wakinunua prosesa nzuri kisha wakaiweka juu ya A320 kwa kubana matumizi, na hapo safari yao ikaishia.

Upande wa Intel unahitaji vitu viwili kwa pamoja: prosesa yenye herufi K na ubao wenye chipseti ya herufi Z. Mara chache Intel yenyewe ilifungua mlango kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2014 ilitoa Pentium G3258, ya kuadhimisha jina la Pentium, yenye gigahezi 3.2 na kizidishi kilicho wazi. Niliipenda sana prosesa ile. Ilikuwa ikifika gigahezi 4.2 au zaidi kwa kipoza joto cha kawaida, na katika kazi zinazotumia kiini kimoja ilizishinda prosesa za bei ya juu zaidi. Lakini ilikuwa na viini viwili na thredi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda kwa pamoja, mbili tu, na mwaka huohuo ilipotoka kulikuwa tayari na michezo mikubwa iliyokataa kabisa kufunguka katika kompyuta yenye thredi mbili. Kasi inaweza kuongezwa, lakini kiini ambacho hakikuchongwa hakiongezwi na BIOS yoyote. Mwaka 2017 ikaja Core i3-7350K, nayo ilikuwa na viini viwili, na bei yake ilikaribia ya Core i5 yenye vinne. Ukijumlisha na ubao wa chipseti ya Z na kipoza joto kikubwa, mtu alikuwa amelipa zaidi ili apate pungufu.

Hiyo ndiyo hesabu ninayowasihi wasomaji waifanye kabla ya jambo lolote. Bei ya prosesa peke yake haikuambii kitu. Jumlisha prosesa, ubao unaoruhusu kupandisha, kipoza joto kitakachohimili na pawasaplai isiyolegalega, kisha ulinganishe jumla hiyo na prosesa ya daraja linalofuata ikiwa juu ya ubao wa kawaida. Mara nyingi ya pili hushinda.

Kuna sababu nyingine inayopunguza faida siku hizi. Prosesa za sasa hujipandisha zenyewe. Core i3-12100 imefungwa, haikubali kupandishwa kwa kizidishi, lakini ina viini vinne na thredi nane, huanzia gigahezi 3.3 na hujipeleka yenyewe hadi 4.3 inapopata nafasi ya joto na umeme. Kampuni zimejifunza kuyavuna mapema yale tuliyokuwa tukiyavuna sisi kwa mikono. Ryzen 5 5600 hujifikisha gigahezi 4.4 kwa kiini kimoja, kwa hiyo ukiifungia viini vyote katika 4.3 utakuwa umeipunguzia kasi katika kazi zile zinazotegemea kiini kimoja. Kwa Ryzen za kizazi hicho na vinavyofuata, njia bora ni kuiacha ijipandishe na kuipunguzia volti kiini kwa kiini kupitia kipengele cha Curve Optimizer kilichomo katika BIOS. Ikipoa, itapanda yenyewe.

Kwa hiyo faida bado ipo, ila imehamia kwa prosesa zilizokwisha kutumika za vizazi vilivyopita, hasa Ryzen za kizazi cha kwanza na cha pili, ambazo bei yake imeshuka kwa sababu ya umri, wala si kwa sababu ya ubovu.

SWALI: Nilinunua prosesa iliyotumika. Maandishi ya juu yalisema Core i5, lakini kompyuta ilipowaka iliitambua kuwa Core i3. Muuzaji anasisitiza kwamba BIOS ndiyo yenye makosa. Nani mkweli?

JIBU: Pole sana, dada. Kompyuta ndiyo yenye kusema kweli. Jina la prosesa limo ndani ya silikoni yenyewe na husomwa kutoka humo. Maandishi ya juu yamechongwa kwenye kifuniko cha bati kinachoweza kusuguliwa, kuchongwa upya au hata kubadilishwa. BIOS ya zamani inaweza kushindwa kuitambua prosesa mpya, lakini haiwezi kuipa jina na idadi ya viini vya prosesa nyingine. Rudisha mali hiyo ukiwa na picha ya skrini.

Ulaghai huu una umri mrefu. Katika miaka ya 1990 walikuwapo waliofuta namba za Pentium za kasi ndogo na kuchapa namba kubwa, kisha wakaziuza kama mpya, nazo zilifanya kazi kwa muda kwa kuwa zilikuwa zimepandishwa bila mnunuzi kujua. Wizi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za Intel kuanza kufunga vizidishi, hivyo sisi tunaopandisha kwa haki bado tunalipia makosa yao.

Niruhusu nieleze ninavyoikagua prosesa iliyotumika, kwa sababu kazi hii ni ya dakika tano na huokoa mengi. Kwanza naigeuza. Kama ni ya AM4, chini yake kuna pini 1331, nyembamba kama nywele za mswaki. Siziangalii kwa juu. Naishika prosesa usawa wa jicho, taa ikiwa upande wa pili, nikatazama kati ya safu na safu kama mtu anayechungulia kati ya mistari ya mahindi shambani. Safu zilizonyooka hupitisha mwanga moja kwa moja, na pini iliyopinda huonekana mara moja kwa kuwa inauziba mwanga huo. Nageuza robo, narudia. Pini iliyolala kidogo hunyooshwa kwa penseli ya chuma, ile ya kubonyeza, iliyotolewa risasi yake: unaivika pini mdomo wa penseli na kuisukuma polepole, ukisimama kila baada ya hatua ndogo, maana pini inayokunjwa mara mbili au tatu hukatika. Pini iliyokwisha kukatika ni sababu ya kuiacha, hata kama muuzaji ataiwasha mbele yako, kwa kuwa kompyuta huweza kuwaka vizuri huku nafasi mbili za RAM zikiwa zimekufa.

Prosesa za Intel za miaka hii, pamoja na za AM5, hazina pini. Zina vibati vidogo vya rangi ya dhahabu, na pini zimo katika soketi ya ubao. Hapo natafuta alama nyeusi za kuungua juu ya vibati, na natazama vile vidude vidogo sana vya kahawia vilivyopangwa katikati, kama kuna pengo palipobanduka kimoja. Kisha nasoma kifuniko. Ukikuta maneno “Intel Confidential”, au alama ya toleo inayoanza na herufi Q badala ya S, hiyo ni sampuli ya majaribio ambayo haikukusudiwa kuuzwa. Huenda ikakosa kuungwa mkono na BIOS, na kasi yake mara nyingi hutofautiana na ile ya toleo la dukani. Mwisho kabisa naiwasha, nafungua CPU-Z, programu ya kuitambua prosesa, nalinganisha jina, idadi ya viini na ukubwa wa kashe, na kuiacha ifanye kazi nzito kwa dakika kumi nikitazama joto.

Jambo moja kwa wanaochomoa prosesa ya AM4 wenyewe: soketi yake haikamati kwa nguvu, na grisi ya kupitishia joto ikikauka hugeuka gundi. Ukivuta kipoza joto kwa ghafla, prosesa hutoka nayo ikiwa imening’inia, na pini hupinda hapo. Washa kompyuta kwanza, iache ipate moto, izime, kisha zungusha kipoza joto kushoto na kulia mpaka kiachie, ndipo ukiinue.

SWALI: Kuna Xeon, prosesa za Intel za seva, za zamani zenye viini sita zinazouzwa kwa bei ndogo sana. Mtu anaweza kuzitegemea?

JIBU: Kwa kujifunzia, hakuna shule nzuri kuliko hiyo. Xeon X5650 ya mwaka 2010 huingia katika mbao nyingi za chipseti ya X58 zenye BIOS iliyosasishwa, ina viini sita na thredi kumi na mbili, na mapigo yake ya msingi, megahezi 133 yanayozidishwa kwa 20, hayajafungwa. Ukiyafikisha 180 una gigahezi 3.6.

Kwa kazi ya kila siku, tahadhari. Prosesa za kizazi hicho hazina AVX, yaani amri za kufanya hesabu nyingi kwa mkupuo, zilizoanza na Sandy Bridge, na programu mpya zinazozihitaji hukataa kufunguka bila kujali kasi uliyoifikia. Tena Windows 11 kwa kawaida inahitaji Intel Core ya kizazi cha nane au Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Linux ungali na nafasi. Usisahau pia kwamba ubao wa umri huo ni mzee kama prosesa yake, na prosesa huwa imara kuliko ubao.

SWALI: Ninayo Ryzen 5 1600 juu ya ubao wa B450, ikiwa na kipoza joto chake cha asili na RAM mbili za gigabaiti 8. Naomba hatua za kuipandisha bila kuiharibu.

JIBU: Umeshika prosesa ninayoipenda, na uliyo nayo yanatosha. Ina viini sita na thredi kumi na mbili. Kiwanda kimeiwekea gigahezi 3.2, na inapofanya kazi kwa viini vyote hujifikisha takriban 3.4.

Kabla ya kugusa chochote, ijue hali yake ya sasa. Sakinisha HWiNFO ili uone joto, endesha Cinebench, programu ya kupima kasi, mara tatu, uandike alama na joto la juu. Asiyepima kabla hataweza kudai baadaye kwamba amepata faida. Kama joto tayari linapita nyuzi 80 bila kupandisha, usiendelee. Fungua kipoza joto, futa grisi ya zamani kwa spiriti, weka tone jipya lenye ukubwa wa punje ya mbaazi, safisha feni, kisha upime tena.

Ingia katika BIOS, weka kizidishi 36, ambacho ni gigahezi 3.6, na volti 1.25. Washa, endesha Cinebench. Ikipita, ongeza kizidishi hadi 37 bila kugusa volti. Endelea hivyo kwa hatua ndogo, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, mpaka kompyuta igande, ijizime au ionyeshe skrini ya buluu. Hapo una njia mbili: kurudi hatua moja nyuma, au kuongeza volti kidogo, kwa mfano 0.025, na kujaribu tena. Kwa kizazi hiki usivuke 1.35 kama unataka prosesa idumu, na joto libaki chini ya nyuzi 85 wakati wa kazi nzito. Kikomo chake ni 95. Nyingi za 1600 huishia kati ya 3.7 na 3.9, na kila kipande kina bahati yake.

Sasa nakuomba usimame kidogo kwenye hesabu, kwa kuwa hapa ndipo vijana wengi hukosea. Umeme unaotumika wakati prosesa inafanya kazi, ambao wote hugeuka joto, hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Tuchukue kwamba prosesa yako inakwenda 3.4 kwa volti 1.20. Ukiipeleka 3.7 kwa volti 1.25, kasi imepanda kwa asilimia 9 na joto kwa takriban asilimia 18. Ukiipeleka 3.8 kwa volti 1.35, kasi imepanda kwa asilimia 12, lakini joto limepanda kwa asilimia 41. Zile megahezi 100 za mwisho zimekugharimu zaidi ya zote zilizotangulia, na mtu anayetumia kompyuta hataziona. Mimi ningesimama 3.7.

Kasi uliyoichagua ithibitishe kwa Prime95 kwa saa moja au mbili. Programu hiyo hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, hivyo hugundua makosa ambayo kompyuta ingeyapitisha kimyakimya. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kuganda: prosesa iliyopandishwa kupita uwezo wake inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni, na kosa hilo likaandikwa ndani ya picha zako au hesabu za kazi yako. Nakili data zako kwenye diski nyingine kabla ya kuanza majaribio.

Ukishamaliza na prosesa, geukia RAM, kwani kwa Ryzen faida yake ni kubwa pengine kuliko yote tuliyoyafanya. Viini vya prosesa hiyo vimegawanywa katika makundi mawili yanayowasiliana kwa njia iitwayo Infinity Fabric, na katika kizazi hiki njia hiyo hufuata mapigo ya RAM. RAM ikiachwa katika 2133, kama BIOS nyingi zinavyoiacha, njia hiyo hupiga megahezi 1066 tu. Ikifikishwa 2933 au 3200, hupiga karibu mara moja na nusu ya hapo. Kama RAM zako zina kipengele cha XMP, yaani kasi iliyopangwa tayari na kiwanda cha RAM, kiwashe. Ikishindikana 3200, jaribu 2933. Hakikisha pia kwamba RAM zote mbili zimekaa katika nafasi zinazoagizwa na kijitabu cha ubao, kwa kawaida ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Jaribu kwa MemTest86 kabla ya kuziamini.

SWALI: Je, prosesa ya kompyuta mpakato inaweza kupandishwa?

JIBU: Nyingi zimefungwa, na hata zilizo wazi hukwama kwenye joto, kwa kuwa tayari hujipunguza kasi zenyewe feni inaposhindwa. Safisha feni, badilisha grisi, na kama kuna nafasi moja tupu ya RAM ijaze ili data ipite njia mbili kwa pamoja.

SWALI: Fundi, nakuandikia nikiwa na hofu. Niliongeza kizidishi, nikawasha upya, na sasa skrini ni nyeusi, feni zinazunguka tu. Nimeiua prosesa?

JIBU: Tulia, ndugu yangu. Kama hukuweka volti kubwa kupita kiasi, karibu hakika prosesa yako ni nzima, na kilichotokea ni kwamba ubao unajaribu kuamka kwa namba zisizowezekana. Mbao nyingi hugundua hilo zenyewe baada ya kujaribu mara tatu hivi na kurudi katika namba za kiwandani, kwa hiyo kwanza iache kama dakika mbili bila kuigusa.

Isiporudi, izime, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Tafuta kwenye ubao betri ya mviringo mfano wa sarafu, itoe, subiri dakika tano, irudishe. Kama kijitabu cha ubao kinaonyesha pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au jina linalofanana na hilo, unaweza badala yake kuziunganisha kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde chache, waya wa umeme ukiwa bado umechomolewa. Rudisha umeme na uwashe. Uwashaji wa kwanza huchukua muda mrefu kuliko kawaida, wakati mwingine dakika nzima, na kompyuta huweza kujizima na kujiwasha yenyewe katikati; usiikatize.

Ikiwaka, BIOS itakuwa imesahau kila ulichoiwekea, pamoja na tarehe na saa. Chukua karatasi, andika kizidishi, volti na kasi ya RAM vya mara ya mwisho kompyuta ilipokuwa ikienda salama, uibandike kwa ndani ya mlango wa kasha, kisha uanzie hapo.